Jembe Lililotajwa kwa Utani

Mdomo wa Polikarp ulimponza saa nne asubuhi, mbele ya wageni kumi na wawili waliokaa uwanjani kwake kwenye mabenchi yaliyoazimwa kigangoni, na kwa bahati mbaya mdogo wake Alois alikuwa ameshika kalamu.

Wageni walikuwa Wasukuma. Walikuwa wamepanda kutoka Mtowisa, bondeni kule kwenye mpunga na joto, na walivaa makoti mazito kana kwamba huku kwetu Mwazye kunaanguka theluji. Walikuja kumposa Scola. Huyu Scola ni mjukuu wa Polikarp, mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya Sumbawanga mjini, na tangu alipofiwa na wazazi akiwa wa miaka minne alilelewa na watu wawili tu: babu yake huyu, mhunzi, na dada wa babu, Bibi Bertila. Mchumba aliitwa Sayi, fundi wa kuchomelea vyuma pale mjini. Walijuana siku Scola alipompelekea stendi za maabara zilizokatika miguu. Alizichomelea zote sita, akasahau kudai malipo, na mwalimu wa kemia hakuhitaji kipimo kingine kujua kuna kitu kinachemka.

Asubuhi yenyewe ilianza vizuri. Wafipa na Wasukuma wametaniana tangu hawa wa pili waingie bondeni na ng'ombe wao, na siku ya posa utani ndio unaopasha moto uwanja.

"Tuliambiwa tuvae mikanda ya plastiki," alisema Mzee Nkwabi, baba wa Sayi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. "Eti radi ya huku haipendi plastiki."

"Radi zetu zina adabu," Polikarp akamjibu. "Mtu akinuka samadi zinampita. Zinajua huyo ni mbolea, ataliwa na mahindi."

Watu wakacheka, pombe ya ulezi ikazunguka, ng'ombe wakatajwa, mablanketi yakatajwa, koti la babu likatajwa, na kila lililotajwa Alois aliliandika polepole akilitamka, maana aliwahi kuwa karani wa ghala la mahindi na ukarani haujawahi kumtoka.

Sasa, katikati ya raha hiyo, Scola alichungulia mlangoni mwa jiko kuona kama wageni wameshanywa chai. Alichungulia tu, kitenge kimefungwa kichwani upandeupande, akarudi ndani. Lakini Polikarp alimwona, na koo likamkaba. Maana Sayi alishasema kwamba wakioana watahamia Mtowisa, akafungue karakana ya kutengeneza mashine za kukoboa mpunga, na Scola alishaomba uhamisho. Mtowisa! Kushuka ule ukingo wa bonde ni safari ya kufunga kanga tumboni, mvua ikinyesha hata gari linasali. Na mzee mwanamume akikabwa na koo mbele ya wakwe hawezi kulia. Anachoweza ni kuongeza utani.

"Ng'ombe ni kitu gani?" alisema Polikarp, akisimama. "Ng'ombe anaharisha leo, kesho tunagawana ngozi. Wazee wetu sisi walioa kwa jembe. Basi na huyu atuletee jembe. Tena silitaki la dukani! Nataka jembe la chuma kilichotoka kwenye jiwe. Jiwe liyeyushwe kwenye ilungu la ukoo wetu, pale mlimani, na mkwe mwenyewe atoke jasho. Mimi nitamwelekeza, kama nilivyofanya na babu yangu."

Ilungu alilolisema kila mtu aliliona, maana lilikuwa limesimama mlimani nyuma ya nyumba: tanuri la udongo, refu kama watu wawili waliobebana, lina ufa ubavuni na majani yameota kichwani. Halikuwa limewashwa tangu Polikarp yuko mtoto.

Alisubiri wageni wacheke wakatae, ili naye acheke ashushe: haya basi, leteni hata la dukani. Ndivyo utani unavyokwenda. Unapandisha, mwenzako anapinga, mnakutana katikati.

Lakini Mzee Nkwabi hakupinga. Alivua kofia, akaiweka gotini, akatazama lile tanuri kwa muda.

"Tumekubali," alisema. "Tena mkaa tutaleta sisi. Mfipa asije akasema Msukuma alishindwa jembe."

"...kilichotoka... kwenye... jiwe," Alois alikuwa akiandika. "Nukta."

Na neno la mzee wa binti likishaandikwa mbele ya chungu cha pombe, halifutwi. Kulifuta ni kusema binti hatolewi, na wageni wanachukua makoti yao.

*

Shida ya Polikarp haikuwa mkaa.

Kwa miaka arobaini alikuwa amewaambia watu kwamba aliwahi kuyeyusha chuma. Aliwaambia wanafunzi wa shule ya msingi, aliwaambia mapadri wageni, aliwaambia wateja waliokuja kununua majembe na visu vyake. Uhunzi wake ulikuwa wa kweli. Hakuna aliyemzidi kukunja springi ya gari bovu ikawa panga. Ila springi hizo zilitoka kwenye vyuma chakavu vya mjini, zimekwisha kuwa chuma kabla hajazaliwa. Kutoka kwenye jiwe hakuwahi kutoa hata sindano. Siku babu yake alipowasha ilungu kwa mara ya mwisho, Polikarp alikuwa na miaka saba, na alichokumbuka ni joto, nyimbo, na wanaume wakimwambia asogee pembeni.

Alikumbuka pia mawe. Hayo alikuwa na uhakika nayo: mawe mazito ya rangi ya kahawia iliyofifia, yaliyotoka kwenye korongo chini ya mlima. Ukiyavunja, ndani yana kijivu chenye kumetameta, kama sukari guru.

Basi mwezi wa nane, upepo wa kiangazi ulipoanza kupiga mlima, kazi ikaanza. Sayi aliomba ruhusa kwa wateja wake akaja na magunia ya mkaa, na Mzee Nkwabi akaja nyuma yake.

"Nimekuja kuona mwanangu akifundishwa," alisema, akajitafutia jiwe la kukalia.

Polikarp aliwaendesha vizuri, hilo lazima asifiwe. Waliziba ufa kwa udongo wa kichuguu. Walifinyanga mirija ya udongo na kuipanga kuzunguka kitako cha tanuri, upepo uingie wenyewe, kwa sababu ilungu halipulizwi kwa mivukuto, linavuta pumzi lenyewe kama mzee aliyelala. Akafunga kamba kulizunguka tanuri lote.

"Kamba ya nini, babu?" Sayi akauliza.

"Wanawake hawavuki hapa. Ilungu ni bibi harusi, halitaki kuona mwanamke mwingine. Na sisi tulio ndani ya kamba, mpaka kazi iishe, kila mtu alale kwake. Umesikia, wewe wa kuchomelea?"

"Nimesikia. Mimi bado sijaoa, babu, kwa sababu yako."

Bibi Bertila, ambaye alikuwa amepanda mlima kwa fimbo akiwaletea uji, aliifikia kamba, akasimama. Alitazama rundo la mawe ndani, akataka kusema neno.

"Dada, hapo hapo!" Polikarp akapaza sauti. "Uji uweke chini, urudi."

Bibi Bertila aliweka uji chini, akarudi.

Waliwasha asubuhi: tabaka la mkaa, tabaka la mawe, tabaka la kuni mbichi, mpaka juu. Ilungu likavuta moshi, likanguruma. Siku ya tatu asubuhi, likiwa limepoa, walibomoa mlango wake wa chini. Kilichotoka kilikuwa bonge jeusi lenye matundu, nusu yake mawe ambayo hayajaiva, nusu majivu yaliyogandamana. Sayi alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaigusisha kwenye bonge. Ikaanguka chini. Akaigusisha tena kwa upole, kama anayembembeleza. Ikaanguka.

Mzee Nkwabi aliokota kipande, akakinusa.

"Mkwe," alisema, "hiki ndicho chuma, au ni ukoko wa ugali?"

"Kuna mtu amevunja mwiko," alisema Polikarp. Alimwangalia Sayi, kisha akamgeukia Alois, ambaye alikuwa amesaidia kubeba kuni. "Alois! Juzi ulilala wapi?"

"Kwangu."

"Na nani?"

"Kaka, nina miaka sabini na mbili na mgongo huu unaoujua," alisema Alois kwa uchungu. "Kama ningekuwa nimeweza kuvunja mwiko, ningekuja kukutangazia mwenyewe."

Wote walicheka isipokuwa Polikarp. Alijua mwiko hauna kosa. Na alijua kwamba karatasi ya Alois imekunjwa vizuri ndani ya Biblia kule nyumbani, na bila jembe hakuna ndoa, na yeye ndiye aliyemfungia mjukuu wake mlango huo huku anacheka.

*

Scola alikuja Jumamosi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza babu yake zaidi. Aliketi karibu naye kwenye benchi la karakana, akaomba jiwe moja bichi, akaenda nalo mjini. Jumamosi iliyofuata akarudi nalo likiwa limevunjwa vipande.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Jiwe limefaulu?"

"Limefaulu kuliko wanafunzi wangu." Akakaa. "Nililisaga, nikaliwekea tindikali. Kimya. Nikapasha moto kidogo, likaanza kutoa mapovu. Ile hewa nikaipitisha kwenye maji ya chokaa, maji yakawa kama maziwa. Babu, chuma kimo humo, tena kingi. Ila hakiko peke yake. Kimefungwa pamoja na hewa ya ukaa. Ni kaboneti ya chuma. Ni ndugu wa lile jiwe la chokaa, baba mmoja mama mbalimbali."

"Sema Kiswahili cha karakana."

"Ile chokaa ya kupaka ukuta, si mawe yake yanachomwa kwanza?"

"Yanachomwa."

"Kwa nini?"

"Yapumue. Yasipopumua ni mawe tu."

"Basi na haya hivyohivyo. Yameshika pumzi ndani. Ukiyaingiza mabichi kwenye ilungu, yanapumua humo humo, yanakula joto lote, moto unachoka kabla chuma hakijaanza. Nafikiri yanatakiwa yachomwe kwanza nje, kwa kuni tu, ndipo yaingie." Alimtazama. "Mlikuwa mnayachoma kwanza, si ndiyo? Enzi za babu yako?"

Na hapo Polikarp, mtu mzima, Mkristo, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kigango, akafungua mdomo kusema ndiyo bila shaka, tulikuwa tunayachoma. Alifungua kabisa. Lakini mtoto alikuwa anamwangalia kwa macho yale yale aliyomwangalia nayo akiwa na miaka minne, alipomuuliza kama mama yake atarudi, na siku ile alimdanganya.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki?"

"Nipe mpaka kesho."

Scola alipoingia ndani, Polikarp alizunguka nyuma ya nyumba. Dada yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, anapukuchua maharage, miguu imenyooshwa mbele kama ya msichana. Miaka themanini na mitatu, na vidole bado vina kasi ya kuku anayedonoa.

"Dada."

"Umekuja kunifungia kamba na huku?"

Polikarp akakaa chini, akachukua ganda la maharage, akalipasua bila sababu. "Dada, mimi sijawahi kuyeyusha chuma."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa na miaka saba. Cheche ikakurukia sikioni, ukashuka mlima unalia kwa sauti ya mbuzi, mimi ndiye niliyekupaka mafuta. Siku zote ukiwaambia watu habari zako za ilungu ninalitazama sikio hilo." Akapeperusha makapi. "Lakini ulikuwa unasimulia vizuri. Nikasema mwache, hana dhambi nyingine ya maana."

Polikarp akajigusa sikio. "Babu aliyachoma mawe kwanza?"

"Babu?" Bibi Bertila aliacha maharage. "Babu alijuaje kuchoma mawe! Tulichoma sisi. Mama, shangazi, mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, na wasichana wote wa nyumba ile. Tulichimba shimo kule korongoni, tunapanga kuni, tunapanga mawe, tunawasha asubuhi tunakaa siku nzima tukiimba. Yanalia, pa! pa! yanapasuka. Yanatoka meusi yenye wekundu, mepesi. Uzito wa vikapu vitatu ukiingia motoni, unatoka wa viwili. Tulifurahi sana hapo, maana ni sisi tuliobeba kupandisha mlima. Tunafika kwenye kamba, tunaweka chini, tunageuka. Wanaume wanachukua wanaingiza. Wewe ulidhani jiwe linachimbwa likiwa jeusi?"

Ndivyo hasa Polikarp alivyodhani, au tuseme hakuwahi kudhani lolote. Wanaume wote wa ukoo wake, vizazi vitatu, walisimulia kazi ikianzia kwenye kamba. Yaliyokuwa nje ya kamba hakuna aliyeyauliza. Kwa hiyo wanaume walikufa wakijua nusu, na nusu nyingine ilikuwa hapa inapukuchua maharage.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nilipanda mlima niseme. Nikaambiwa uji uweke chini, urudi."

Upepo ulipita ukachukua maganda. Polikarp aliyafuata kwa mikono na magoti, akayarudisha kwenye mkeka moja moja, kama mtu anayelipa.

"Nisaidie," alisema.

"Nitakusaidia. Na ukiona haya, waambie wakwe zako ulisahau tu. Uzee unasingiziwa mengi. Mimi nitanyamaza, nimezoea."

*

Siku mawe yalipochomwa, korongo lilijaa watu. Bibi Bertila alikaa juu ya kiroba cha mbolea kilichokunjwa, akiamuru kwa fimbo: kuni kavu chini, mawe yasizidi ngumi, wewe mrefu usirushe, panga! Aliyekuwa mrefu ni Mzee Nkwabi, aliyekuja kutazama na kujikuta anapanga. Scola alishika kuni, Sayi akavunja mawe, na mawe yalipoanza kupasuka pa! pa! Scola alipiga makofi kama mtoto.

"Yanapumua!" akapiga kelele. "Bibi, yanapumua!"

"Yanalia," akasema Bibi Bertila. "Lakini ukiita hivyo pia sawa, mwalimu."

Jioni jua likiwa bado lipo, mawe yalitolewa kwa koleo, yakapoa. Sayi alitoa ile sumaku yake, akaishusha karibu na jiwe moja. Jiwe likaruka lenyewe likaikamata.

Kila mtu alishangilia. Na ni katikati ya shangwe hizo Mzee Nkwabi alipouliza, kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe, swali alilokuwa nalo tangu asubuhi.

"Sasa mkwe, kama kazi inaanzia hapa, mara ya kwanza mbona ulituingizia mawe mabichi?"

Polikarp aliona nyuso zikimgeukia. Majirani, wakwe, Alois. Bibi Bertila alitazama pembeni kwa bidii, akikagua mlima kana kwamba ameusahau ulivyo. Neno "nilisahau" lilikuwa tayari ulimini, jepesi, limeshaiva. Akilitamka, jina lake linabaki lilivyokuwa, na jembe litapatikana vilevile. Hakuna ambaye angepungukiwa. Ila kazi ya dada yake ingerudi kuwa kitu ambacho mwanamume fulani alikijua akakisahau.

"Sikuwahi kujua," alisema.

"Nini?"

"Sikuwahi kuyeyusha chuma, Mzee Nkwabi. Hata siku moja. Nilikuwa mtoto wa kufukuzwa pembeni. Waliojua hili ni wanawake wa nyumba yetu, na aliyebaki ni huyu dada yangu, na mimi nilimfungia kamba." Akamtazama Scola. "Na jembe lenyewe nilitaja kwa utani. Niliona mtoto anakwenda mbali. Nilitaka kuchelewesha kidogo tu. Sasa nimewatoa jasho watu wazima kwa ajili ya koo langu."

Mawe yaliyobaki yalipasuka shimoni. Scola aliweka mkono mdomoni.

Mzee Nkwabi alijifuta masizi usoni, akayasambaza zaidi.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hujawahi. Nilijua siku ile ile kwenye benchi. Mimi marehemu baba alinichimbisha lambo la ng'ombe kwa mikono, kiangazi kizima, ngozi ya viganja ikabaki kwenye mpini. Na tangu siku hiyo sijamtakia mtu yeyote lambo, hata adui. Mtu aliyewahi kuyeyusha jiwe asingemtajia mkwe wake kwa kucheka vile." Akachukua jiwe jingine jeusi, akalipima kiganjani. "Nikasema, huyu Mfipa ananidanganya. Lakini nikaona namna alivyomtazama binti mlangoni. Nikasema, acha tuje tukae naye kidogo, azoee. Si ndivyo, Sayi?"

"Ndivyo, baba. Ila hukuniambia kwamba mkaa wote nitabeba mimi."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, kikubwa kuliko cha siku ya posa, na Polikarp akajikuta nacho ndani, machozi yanamtoka, na hakuna aliyeuliza ni machozi ya upande gani.

Kisha alipanda mlima mwenyewe, akafungua kamba, akaikunja, akashuka kumshika dada yake mkono, akampandisha mpaka kwenye mlango wa ilungu. Bibi Bertila alikuwa hajawahi kulikaribia hivyo maishani mwake. Alilizunguka taratibu. Aliligonga kwa fimbo.

"Kumbe ni hili tu," alisema. "Na makelele yote yale."

*

Safari hii ilungu lilinguruma tofauti, kwa sauti nzito ya chini. Siku ya tatu asubuhi walipobomoa mlango, mavi ya chuma, yaani takataka za jiwe, yalikuwa yametiririka na kugandia chini kama lami, na katikati kulikuwa na bonge la kijivu, baya, lenye matundu, kama kichwa cha mbuzi. Sumaku ililirukia kabla Sayi hajaifikisha.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Polikarp, na hapo hakuwa mwongo. Karakana ilijaa cheche siku mbili. Alilipasha bonge, akaliweka kwenye fuawe, yeye na nyundo ndogo ya kuonyesha, Sayi na nyundo kubwa ya kufuata.

"Usipige kama unayeua nyoka! Hiki hakijawa chuma bado, kina takataka tumboni. Kikamue."

"Kinapungua, babu."

"Lazima kipungue. Na wewe ukioa utapungua."

Kilipungua kweli. Kila nyundo iliposhuka, takataka ziliruka, na bonge la kichwa cha mbuzi likawa kama embe, embe likawa kama kiganja. Mwishowe lilitoka jembe ambalo ungeweza kulifunika kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe usiwe mkubwa.

"Naweza kulichomelea kipande cha springi," alisema Sayi kwa uangalifu, "liongezeke."

"Jaribu," alisema Polikarp, "nikuchomelee mdomo."

Siku ya kulikabidhi, mabenchi ya kigango yaliazimwa tena. Mzee Nkwabi alilileta jembe limefungwa kwenye kitambaa cheupe, limeshatiwa mpini wa mti wa mpera, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama anayeweka mtoto. Watu walisimama kulitazama. Lilikuwa jeusi, halijanyooka sawasawa, na lilikuwa zuri.

Kwa desturi ya kale jembe la mahari hupokewa na mama wa binti, maana ndiye aliyepoteza msaidizi shambani. Polikarp hakulishika. Alimwangalia dada yake.

Bibi Bertila alisimama, akalichukua, akaligeuza upande huu na huu. Halafu, wakati kila mtu anasubiri aseme shukrani, alitoka nje. Wageni wakamfuata, kwanza mmoja mmoja, kisha wote, mpaka kwenye bustani ya mboga nyuma ya jiko. Akainama kwenye tuta la figili, akakata udongo. Jembe likaingia. Akakata tena. Mara ya nne likagonga jiwe, na ncha ikakunjika kama sikio la mbwa.

Wageni wote wakashika pumzi. Alois akashika karatasi.

"Laini," alisema Bibi Bertila, akiitazama ile ncha. Kisha akamtazama kaka yake. "Kama wenyewe walioliomba."

"Linanyooka hilo," alisema Polikarp, tayari anapiga magoti matutani na suti yake ya harusi. "Lete jiwe bapa. Sayi, shika upande ule, usilibane sana. Scola, nyundo yangu ndogo, iko juu ya dirisha. Alois, unasubiri nini? Andika limepokelewa!"

"Nimeshaandika," alisema Alois.

Polikarp akaanza kugonga, taratibu, na dada yake akasimama kando na mikono kiunoni, anasubiri amalizie tuta lake.